Mstari Uliokataa Kunyooka

Mwalimu yule wa fizikia hakuwahi kumwamini mtu kwa neno tupu. Ukimwambia leo kuna joto, anakuuliza joto la kiasi gani. Ukimwambia maji yamepoa, anataka kujua umejuaje, na kama ulitia kidole basi hujapima, umegusa tu. Wanafunzi walimbandika jina la Pima-Tena, maana hilo ndilo jibu alilompa kila aliyemletea matokeo ya jaribio, awe amepata au amekosa. Jina lilimfikia masikioni siku nyingi, naye akajifanya hamnazo. Ukweli ni kwamba lilimpendeza.

Tabia hiyo aliirithi kwa mama yake, fundi cherehani aliyeshinda na utepe wa kupimia shingoni. Utotoni kazi ya binti ilikuwa kushika ncha ya utepe ule viunoni mwa wateja. Wanawake walikuja wakitaja vipimo vya ujana wao, mama anaitikia kwa heshima zote, kisha anazungusha utepe na kuandika anachokiona. Nguo zikawakaa vizuri na hakuna aliyeuliza kwa nini. Binti akakua akijua kwamba watu hudanganya hata wasipokusudia, na kwamba dawa yao ni kipimo. Alipofika chuo cha ualimu na kukuta kuna somo zima lililojengwa juu ya wazo hilo, alijiona amefika nyumbani.

Na mkono alikuwa nao, usifanye mchezo. Angefunga jiwe kwenye uzi, akalivuta pembeni, akaliachia, nalo likaenda na kurudi kwenye njia moja bila kuyumba hata kidogo. Wanafunzi wakijaribu, jiwe linazunguka kama mlevi anayetafuta mlango. Mume wake, mwoka mikate mwenye maneno machache, alizoea kusema kwamba mke wake angeweza kubeba bakuli la maji limejaa pomoni akapanda nalo ngazi asimwage tone.

Maabara yake ilikuwa chumba kirefu chenye meza zilizojaa makovu ya moto na majina ya watu waliokwisha kuwa wazazi. Saa za kubonyeza zilikuwa chache, na baadhi zilisimama pale zilipotaka zenyewe. Wanafunzi walipima leo, wakapiga hesabu kesho, wakachora grafu juma lililofuata, na katikati ya hapo walikuwa na nafasi ya kutosha ya kupika. Ndiyo, kupika. Kila mmoja alijua jibu la kitabuni, kwa hiyo alianzia kwenye jibu akarudi nyuma hadi kwenye vipimo ambavyo vingempa jibu hilo. Pima-Tena aliwakamata mara kwa mara, kwa sababu grafu iliyopikwa huwa nzuri kupita kiasi, na kila akimkamata mmoja alimpa hotuba ile ile. Alisema mwizi anamwibia jirani, lakini anayepika matokeo anayaibia macho yake mwenyewe.

Basi fikiria Pima-Tena alivyopigwa na butwaa mkuu wa shule alipoleta vifaa vipya. Vilikuwa vihisi, vidude vyenye ukubwa wa sabuni ya kipande. Kimoja kinahisi mwendo, kingine joto, kingine kani, yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma. Unakiunganisha na kompyuta kwa waya, na kile kinachohisiwa kinajichora kwenye skrini papo hapo. Kampuni iliyovileta iliweka sharti moja. Shule ivitumie muhula huu. Vikifaa, vinabaki, vikiwa na hitilafu, vinachukuliwa, na nafasi inakwenda kwa shule nyingine iliyoko kwenye foleni. Mkuu wa shule alimkabidhi Pima-Tena, akamwambia neno lake ndilo litakaloamua.

Siku ya kwanza darasa lilikaribia kupasuka. Kijana mmoja alisimama mbele ya kihisi cha mwendo, akaanza kurudi nyuma, na mstari ukapanda ukutani ambako picha ya kompyuta ilikuwa ikimulikwa. Akasimama, mstari ukalala. Akasogea mbele, mstari ukashuka. Akageuka kumtafuta anayechora. Mwingine akajaribu kukilaghai kwa kurukaruka, na kila mruko wake ukaonekana pale ukutani ukiwa na aibu yake yote. Pima-Tena alisimama mdomo wazi. Maisha yake yote alikuwa akipigana na ule muda wa katikati, muda wa kupika, na sasa muda wenyewe umefutwa. Kitu kinatokea na mchoro wake unatokea nacho. Jioni alimsimulia mumewe hadi mumewe akasinzia.

Shida ilianza siku ya kihisi cha kani. Kila kundi lilifunga kihisi chake kwenye chuma cha meza, likaning'iniza uzani, likapata mstari ulionyooka. Yeye, akiwa mbele ya darasa, alikishika mkononi, kwa kuwa alitaka waone jambo gumu zaidi. Aliwaambia mkono ukitulia na mstari utatulia. Akaunyoosha mkono, uzani ukining'inia chini ya kihisi, akageukia ukutani.

Mwanzo mstari ulinyooka. Kisha ukaanza mawimbi. Vilima vidogo vya kimo kimoja, vimejipanga, vikifuatana haraka haraka. Pima-Tena akacheka, akawaambia hiyo ni kelele. Katika kazi ya vipimo, akawaeleza, kelele ni vile vijitikisiko visivyo na maana vinavyoingia kutoka kwenye waya, umeme au upepo wa dirishani, na programu ina kitufe cha kuilainisha. Akakibonyeza. Vilima vikatoweka, mstari ukanyooka, somo likaendelea.

Lakini hakuwa mtu wa kuliacha jambo hivihivi. Darasa lilipotoka alibaki, akakishika kihisi tena. Mawimbi. Akachukua kingine sandukuni, mawimbi. Akavimaliza vyote, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kikamletea vilima vile vile. Akakaa kwenye kiti, roho imemshuka. Vifungwapo kwenye chuma vinatulia, vishikwapo mkononi vinatetema. Akafikiri kama mtu aliyesoma, na huko ndiko alikopotelea: lazima kuna kitu kimelegea ndani, na chuma kinakibana kisicheze. Shehena nzima ni mbovu. Alimwandikia mkuu wa shule kwamba vifaa vina hitilafu na virudishwe, kwa sababu hawezi kufundishia kitu kinachodanganya. Gari la kampuni likapangwa kuja Ijumaa asubuhi.

Habari ilipofika darasani, kilikuwa kilio. Kiranja wa maabara, msichana mpole wa sauti na mgumu wa shingo, ndiye aliyeumia kuliko wote. Alikuwa mwaka wa mtihani, alitaka kusomea uhandisi, na kwa juma zima alikuwa akiwahi kabla ya kengele ili ashike vifaa vile kabla wenzake hawajafika. Alhamisi, masanduku yakiwa wazi mezani yakisubiri kufungwa, alisimama na kuomba ruhusa. Alisema Mwalimu amewafundisha kwamba kitu kikiharibika usikitupe kabla ya kutafuta chanzo, na kwamba chanzo kinatafutwa kwa kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kwa nini wasitafute?

Pima-Tena aliona fahari ikimpanda kifuani. Huyu ndiye mwanafunzi uliyemwomba Mungu akupe. Akamwambia aje mbele aongoze, na yeye mwenyewe atakuwa mshikaji, kwa kuwa tatizo hujitokeza akishika yeye. Alilisema hilo kwa sauti yake mwenyewe, mbele ya darasa zima, wala halikumgutusha.

Wakaanza. Alikishika kihisi, mstari ukatulia kidogo, mawimbi yakaja. Kiranja akabadilisha kihisi, mawimbi. Akabadilisha waya, mawimbi. Akabadilisha kompyuta, akazima feni, akafunga madirisha, akaweka uzani mwingine. Mawimbi hayakujali. Kijana mmoja aliyekuwa akihesabu vilima akasema vinakuja vitano kila sekunde, na vimekuwa vitano tangu mwanzo. Kiranja akakunja uso. Akasema basi hii si kelele, Mwalimu, kwa sababu wewe ulituambia kelele haina mpangilio, na hii ina mpangilio kama wa kitu kinachojiendesha chenyewe.

"Vizuri sana," alisema Pima-Tena. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ina chanzo. Tumebadilisha kila kitu isipokuwa mshikaji."

Darasa likacheka, kwa kuwa ilionekana ni utani. Hata yeye alitabasamu. Kiranja akakipokea kihisi, akanyoosha mkono. Mstari ukanyooka, ukiwa na manyoya madogo tu kama ya kitambaa kipya. Akampa mwenzake, ukanyooka. Akampa mwingine, ukanyooka. Kicheko kikapungua meza hadi meza, mpaka ikasikika sauti ya kompyuta tu.

"Pima tena," alisema Pima-Tena.

Akakichukua kwa mkono wa kushoto. Mstari ukanyooka. Akakihamishia kulia. Ukatulia, ukatulia, moyo wake ukaanza kupoa, kisha vilima vikaanza kupanda, kimoja, na kingine, na kingine, vikubwa ukutani mbele ya macho ya watu wote. Kwa mara ya kwanza hakutazama ukuta. Alitazama mkono. Ulikuwa ukitetemeka, kidogo tu, kidole gumba kikimkaribia jirani yake na kurudi, kama mtu anayesokota uzi usioonekana. Ulikuwa mkono wake, pete ni yake, kovu la pasi ni lake, na haukumuuliza wala haukumsikiliza. Aliuamuru utulie. Haukutulia. Mwili wote ulimfa ganzi isipokuwa ule mkono.

Kiranja alikuwa bado ameugeukia ukuta, akimalizia hoja yake kama alivyofundishwa. "Kwa hiyo chanzo kilichobaki ni..." Akageuka, akamwona uso.

Mwalimu angeweza kupiga kofi mezani na kuwatoa nje, na kila mtu angeshukuru.

"Maliza sentensi yako," alisema.

"Mwalimu, naomba nisimalize."

"Maliza, mwanangu."

"Ni mkono wako wa kulia, Mwalimu."

"Sahihi," alisema, akakiweka kihisi mezani taratibu sana, akawaruhusu kutoka. Walitoka bila kuburuta kiti hata kimoja. Kiranja alikwenda akiwa amejifunika uso kwa mikono, na Pima-Tena akabaki peke yake na ukuta ambao bado ulikuwa umeuhifadhi mtetemo wake wote, hakuna mahali palipolainishwa.

Hakumbuki alivyofika nyumbani. Alimkuta mumewe barazani akishona wavu wa dirisha uliochanika, mikono yake ya kukandia unga ikihangaika na sindano. Akasimama mbele yake, akiwa hajavua viatu.

"Baba watoto, mkono wangu unatetemeka."

Alingoja ashtuke. Mume wake aliichomeka sindano kwenye wavu, akamtazama kwa utulivu wa mtu aliyepewa habari ya jana. Hapo mwalimu akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Unajua, na umekaa kimya? Mimi nimeaibika leo mbele ya watoto wa watu, nimesingizia vifaa vizima kwamba vibovu, na wewe unajua?"

Alikuwa amepandisha sauti, jambo ambalo si lake. Mumewe alijifuta mikono kwenye suruali, akajibu polepole.

"Sikukaa kimya, mke wangu. Nilikuambia. Ulikuwa unamimina maziwa, nikakuambia naona mkono wako unacheza. Ukaniuliza unacheza kiasi gani. Nikasema kiasi. Ukaniuliza nimeona mara ngapi, sikuwa na jibu. Ukacheka, ukaniambia nikishapima nije tuongee."

Pima-Tena alikuwa ameyasema hayo kweli. Aliyakumbuka mara moja, neno kwa neno, hata kitambaa alichokuwa amejifunga kichwani siku hiyo. Aliyakumbuka kama mzaha mzuri aliowasimulia walimu wenzake.

"Mimi sina kipimo," alisema mumewe. "Nina macho tu."

Mwanamume huyu, anayejua mkate umeiva kwa kuusikia harufu akiwa chumba cha pili, amekuwa akimwangalia mkewe akibadilika chini ya dari moja, na hakuwa na mahali pa kupeleka alichokiona. Pima-Tena alimwomba mumewe aseme yote. Akasema. Kwamba vifungo vya blauzi siku hizi vinamchukua muda mpaka anachelewa. Kwamba mwandiko wake umekuwa mdogo, akimtuma dukani kwa karatasi inabidi muuzaji avae miwani. Kwamba akitembea mkono wa kulia hauchezi tena na mwendo, umeganda ubavuni kama umebeba kitu. Kwamba ndiyo maana amekuwa akimshika mkono huo wakienda matembezini, na yeye akawa anawatania majirani kwamba mzee amerudia uchumba. Kila neno lilimchoma, na hakuuliza la mara ngapi wala la kiasi gani. Walikubaliana kwenda hospitali. Mumewe alimfungulia kamba za viatu, akamvua, akaviweka pembeni, wakaingia ndani.

Ijumaa aliamka na hofu mpya. Mkuu wa shule alikuwa mtu mwema, lakini mtu mwema anayesikia neno ugonjwa huanza mara moja kukupunguzia kazi, na kazi ya kwanza kumwondolea ingekuwa maabara, yenye vioo, moto na uzani. Angepewa kufundisha kwa mdomo, huko mbele ya ubao ambao hata maandishi yake hayaonekani. Na alijua kuna njia rahisi. Barua yake ilikwisha kwenda. Gari linakuja lenyewe. Asiposema kitu, vifaa vitaondoka vikiwa na hatia yake, na mkono utarudi kwenye saa za kubonyeza ambazo hazimwambii mtu kitu. Aliifikiria njia hiyo tangu alipoamka hadi kwenye mlango wa shule, na asikudanganye mtu, aliipenda.

Alipofungua maabara, alishtuka. Masanduku yote yalikuwa yamefungwa, karatasi ya gundi imezungushwa vizuri, yamepangwa karibu na mlango tayari kubebwa. Wanafunzi walikuwa wamesimama kandoni mwa meza, darasa zima, kabla ya kengele. Kiranja alisogea. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Tumefunga wenyewe, Mwalimu," alisema. "Tumekubaliana wote. Vifaa vilikuwa vibovu kama ulivyoandika. Jana hatukuona kitu."

Nyuma yake wenzake wakaitikia kwa vichwa, hata yule kijana wa kuhesabu vilima. Pima-Tena aliwatazama mmoja mmoja. Watoto hawa walikuwa wamelia kwa ajili ya vifaa hivi. Huyu msichana alikuwa ameijenga ndoto yake juu yavyo. Na sasa wamekaa wakapika, wote kwa pamoja, kwa mara ya kwanza bila hata mmoja kutafuta alama, wakampikia yeye. Ulikuwa upendo mtupu na ulikuwa uongo mtupu.

Nje injini ilinguruma. Mkuu wa shule aliingia na dereva wa kampuni, karatasi ya kusaini mkononi, akasalimia, akauliza kama kila kitu kiko tayari. Darasa zima likatazama chini. Pima-Tena alipokea kalamu kwa mkono wa kulia, akautazama ulivyoanza kucheza juu ya karatasi, mbele ya mkuu, mbele ya dereva, akauacha ucheze mpaka wote wawili wakaona.

"Sisaini, Mkuu," alisema. "Vifaa ni vizima. Mbovu ni mkono wangu, na watoto hawa ndio waliougundua."

Mkuu wa shule aliichukua ile karatasi, akaikunja. Dereva alivua kofia, bila kujua kwa nini. Kiranja alipiga magoti pale mlangoni na kuanza kubandua gundi kwenye sanduku la kwanza.